Jumapili ya Kutojibu

Watu wawili hawajibizani, na siri yao ni moja. Ni akina nani?

Kitendawili hicho Yamileth alikuwa anajitegea mwenyewe tangu Jumanne, na Jumapili asubuhi, gari la kukodi lilipokuwa linapanda kuelekea mto Amaime huku sufuria kubwa inagongagonga nyuma, alikuwa bado hajakitegua. Mama yake, Bi Deyanira, amekaa mbele na dereva, kitambaa kichwani, macho barabarani. Arbey amekaa nyuma, ameipakata sufuria kama mtoto wa mtu. Katikati yao yuko yeye Yamileth, mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi cherehani anayejulikana Palmira nzima kwa sare za shule, ambaye anaweza kutambua mshono mbovu kwa kidole tu akiwa amefumba macho. Na hapa palikuwa na mshono mbovu mahali. Alikuwa anaugusa, ila hauoni.

"Umeamkaje, Arbey?" mama alikuwa amemuuliza asubuhi ile mlangoni, kwa sauti tamu kama asali.

Arbey akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Kisha, kabla gari halijaondoka, naye akauliza kwa adabu zake zote, "Bi Deyanira, upepo haukusumbui hapo mbele? Nikufungie dirisha?"

Mama akamgeukia dereva. "Twende, baba, jua linatuacha."

Basi. Hakuna aliyemjibu mwenzake, na hakuna aliyekasirika. Hapo ndipo palipomuuma Yamileth. Mama yake huyu aliwahi kumfukuza muuza nyama kwa upawa kwa sababu aliitikia salamu yake kwa kidevu. Na Arbey, fundi wa majokofu, mtu mpole, mtu ambaye akijigonga kwenye kiti hukiambia kiti samahani, miezi saba amekuja nyumbani kila Jumamosi na mikate yake ya jibini ya moto kwenye karatasi, wa kwanza kumpa mama. Leo siku ya sita mtu huyo anapewa salamu anaimeza, na mama anatazama barabara kama vile hakuna kilichotokea.

Mambo yalianza Jumanne, jioni ya kwanza ya novena, zile sala za siku tisa kabla ya Krismasi. Majirani walikuwa sebuleni wanaimba mbele ya hori la Mtoto Yesu, na Arbey akaingia jikoni "kuongea na mama". Yamileth alijua anaenda kuongea nini. Aliimba beti nne za wimbo wenye beti tatu. Walipotoka, uso wa mama haukusema kitu, na Arbey akamnong'oneza, "Subiri kidogo, Yami." Subiri nini, hakusema. Tangu hapo, kila jioni ya novena, ndiyo hivyo.

Halafu kuna mji wa Tuluá. Kila siku baada ya chakula cha mchana Arbey alikuwa anatoka nje na simu yake, anazunguka karakana yake, anaongea kwa sauti ya chini. Alhamisi Yamileth alikwenda kumpelekea juisi, akamsikia kwa masikio yake mwenyewe: "Nimenyamaza, nakwambia. Yamileth hajui kitu." Alipomwona, akakata simu.

"Nani huyo?"

"Mtu wa Tuluá," alisema, na masikio yakamwiva mekundu kama nyanya.

Mtu wa Tuluá! Mtu hana jina?

* * *

Mtoni walikuta familia nyingine mbili tatu, moshi wa kuni unapanda kati ya miti, redio ya mtu inalia taratibu. Arbey akatafuta mafiga matatu ya mawe, akaweka sufuria, halafu akaenda kutafuta jiwe la nne. Yamileth alimtazama asijue la nini. Lilikuwa jiwe pana, bapa, chini ya kivuli. Akalimwagia maji kwa viganja likapoa, akakunja shati lake la ziada, akaliweka juu.

"Kaa hapa," akamwambia. "Jua likihama, na mimi nitalihamisha jiwe."

"Utalihamishaje? Zito hilo."

"Basi nitahamisha jua."

Akamtazama kwa yale macho yake ya kahawia, macho ambayo yalikuwa yanachelewa kuondoka kila yakitua usoni mwake. Yamileth akahisi joto likimpanda shingoni. Akaweka miguu majini. Maji ya mlimani yalikuwa baridi, yakampita kati ya vidole kama watoto wanaokimbizana. Ng'ambo mtoto wa mtu alikuwa anacheka peke yake kwa sababu ameona kaa. Harufu ya giligilani ilikuwa inakuja na upepo. Wiki nzima ameinama kwenye mashine, shingo inauma, na hii ndiyo siku aliyokuwa anaiota: kukaa tu, kusikia mto, kungoja supu iive. Furaha ilikuwa inabisha hodi kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa hafungui.

"Yami, mwanangu, hebu shika kitunguu hiki."

Huyo alikuwa mama mdogo Fanny, mdogo wake mama, aliyesinzia kwenye gari njia nzima, mwanamke mnene wa kucheka, ambaye hajawahi kukosa safari yenye sufuria.

"Weka hapo kwenye jiwe, mama mdogo."

"Mkono umeoza?"

"Haujaoza. Ndiyo maana sitaki kukupa."

Fanny akacheka hadi akashika mbavu. Walikuwa kwenye mchezo. Kwetu huku ikifika tarehe kumi na sita ya Desemba watu wazima hurudi utotoni: wawili wawili hukubaliana mchezo hadi mkesha wa Krismasi, na anayeshindwa humlipa mwenzake aginaldo, yaani zawadi ya sikukuu. Wengine hutembea na unyasi mdomoni siku nzima, ukikutwa huna umekwisha. Yamileth na Fanny walichagua kutoa bila kupokea. Ukichukua kitu kutoka mkononi mwa mwenzako, amekupata, anapiga kelele "Aginaldo yangu!" na mtaa mzima unasikia. Walikuwa wamewekeana dau la viatu. Siku tano Fanny alikuwa amejaribu kumpa kijiko, mwavuli, kitoto cha jirani na hata rozari, na hajafanikiwa.

Bingwa wa michezo hiyo zamani alikuwa Bi Deyanira. Alimshinda padri. Alimshinda mumewe miaka kumi na tisa mfululizo. Lakini mumewe alipofariki, Desemba nne zilizopita, aliacha. Hata akisikia neno aginaldo linatajwa sebuleni alikuwa anaondoka anaenda kufuta meza ambayo imeshafutwa. Kwa hiyo hakuna aliyemwalika tena.

"Haya, kama hutaki kitunguu, chukua kitendawili," Fanny akasema, akiwa anamenya mihogo. "Kitendawili!"

"Tega."

"Ana masikio mawili hasikii, tumbo lake likijaa wanashiba wengine."

"Sufuria hiyo, mama mdogo. Unaitazama wakati unatega."

"Mjanja wewe. Kitendawili!"

"Tega."

"Ameingia mtoni mkavu, akatoka mkavu, wala hakuogopa mamba."

Yamileth hakusikia. Alikuwa anawatazama wale wawili kwenye moto. Mama amepiga magoti anapuliza, Arbey amesimama na kuni mikononi.

"Arbey," mama akasema, "kuni hizo mbichi au kavu?"

Arbey akatazama juu mitini na kuanza kupiga mluzi.

"Nakuuliza, baba. Mbichi au kavu? Moto unakufa huu."

Mluzi ukazidi. Aliziweka kuni chini, taratibu, akageuka kuondoka. Na mama, badala ya kumrushia gogo, akainamisha kichwa. Yamileth aliona wazi: mabega ya mama yalikuwa yanatikisika. Anacheka au analia? Na Arbey naye, akiwa amempa mgongo, mabega yake yanatikisika vilevile.

"Yami! Mkavu mtoni! Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Tuluá."

Fanny akashusha kisu. "Tuluá? Miji yote hii Mungu aliyoumba, unanipa Tuluá? Haya, nimekwenda Tuluá, nimekula, nimelala, nimerudi. Ni kivuli." Akamtazama vizuri. "Mwanangu, una nini leo?"

"Mama mdogo, mama na Arbey wamegombana?"

Fanny akarudi kwenye mihogo yake haraka mno. "Mimi nitajuaje? Mimi namenya."

Basi na huyu naye anajua, Yamileth akajiambia. Wote wanajua. Ni mimi tu.

* * *

Alimfuata Arbey chini kidogo, mahali mto unapopinda, alikokwenda kuosha mihogo. Suruali ameikunja hadi magotini, mikono ina maji hadi kwenye viwiko. Alipomwona akatabasamu, akamnyooshea mkono wake uliolowa amsaidie kuvuka mawe. Yamileth akavuka mwenyewe.

"Mama yangu amekukosea nini?"

Tabasamu likashuka. "Hajanikosea kitu."

"Anakusalimia humjibu. Anakuuliza unapiga mluzi kama ndege. Miezi saba unamwita Bi Deyanira huku, Bi Deyanira kule. Leo ameota pembe?"

"Yami..."

"Au amejua kitu chako, akakuambia ujiondoe mwenyewe kabla hajaniambia?"

"Kitu gani changu?"

"Tuluá."

Arbey akashusha muhogo majini. Ukaanza kwenda na maji, akaukimbilia, akaushika, akarudi nao kama mtu aliyekamatwa ameuiba. Alikuwa karibu naye sasa. Alikuwa ananukia moshi na sabuni ya mche, harufu ambayo Yamileth alikuwa akiibeba kichwani wiki nzima hadi Jumamosi inayofuata. Alitamani kuweka paji la uso kwenye kifua kile, asiulize chochote tena maishani. Hakuweka.

"Siwezi kukwambia leo," Arbey akasema. "Nimeapa. Lakini Jumatano ikifika utajua yote, na utacheka. Siku tatu tu. Nivumilie siku tatu."

Afadhali angempiga kwa muhogo. Kwa sababu Fredy, yule wa kwanza, yule wa maneno mengi, aliyekuwa na jibu la kila swali kama amelikariri shuleni, alimwambia maneno hayohayo. Nivumilie siku tatu, mpenzi. Siku ya tatu Yamileth alifungua kabati akakuta vining'inizo vitupu, na mwenyewe yuko Pereira na msusi.

"Sikiliza, Arbey," akasema, na sauti ilikuwa haimtii vizuri. "Mimi kuvumilia siku tatu nilishavumilia. Leo gari likitufikisha nyumbani, kama bado sijajua mnachonificha, usishuke. Endelea nalo hadi kwako. Na Jumamosi usije na mikate."

"Yami, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Alimwona anafungua mdomo. Alimwona anaufunga. Halafu, jamani, mwanamume huyu akainama na kuendelea kuosha muhogo ambao ulikuwa mweupe pe.

Yamileth akageuka arudi. Macho yamejaa, haoni mawe vizuri. Kumbe ndivyo. Mtu asiye na kitu angesema. Mtu asiye na kitu husema tu, haimchukui siku tatu.

* * *

Supu iliiva. Ilikuwa na kuku wa kienyeji, ndizi mbichi, mihogo, mahindi yaliyokatwa vipande, na juu yake mafuta ya njano yanang'aa kama shanga. Wakakaa kuzunguka moto. Mama alikuwa anapakua, Fanny anagawa. Arbey alikaa mbali kidogo na wote, mikono kati ya magoti, anatazama mchanga.

Yamileth alikuwa anahesabu: kutoka hapa hadi nyumbani, dakika arobaini na tano. Dakika arobaini na tano za kukaa karibu naye, basi. Atakapofika atakunja lile shati lake vizuri, ampe, afunge mlango. Hatalia mbele yake. Atalia kwenye mashine, mashine ina kelele.

"Shika, mwanangu, itapoa," mtu akasema.

Akanyoosha mikono miwili akapokea bakuli.

"AGINALDO YANGU!" Fanny akaruka, tumbo na matiti na vyote. "Aginaldo yangu! Nimempata! Viatu vyangu vyeusi, vyenye kisigino!"

Ng'ambo watu wasiowajua wakapiga makofi. Mtu akapuliza filimbi. Ingekuwa Desemba nyingine Yamileth angecheka hadi apaliwe. Leo alilitazama bakuli mikononi mwake, na machozi aliyokuwa ameyatunzia mashine yakatoka palepale, mbele ya kuku na watu wote.

"Jamani," Fanny akasema, makofi yakimfia mikononi. "Ni viatu tu, mwanangu. Basi visiwe na kisigino."

Hakuna aliyecheka. Bi Deyanira akaweka upawa juu ya sufuria. Alimtazama bintiye, halafu akamtazama Arbey, na uso wake ulikuwa umepoteza mzaha wote.

"Arbey," akasema. "Mwanangu analia. Nakuuliza mbele yake na mbele ya dada yangu. Unampenda, au humpendi?"

Hata redio ya ng'ambo ilikuwa kama imeshushwa. Arbey akasimama. Alimtazama mama, na Yamileth, kwa mara ya kwanza, aliona hofu ya kweli machoni mwa mwanamume yule, hofu ya mtu aliyesimama ukingoni. Alifungua mdomo. Akaufunga tena.

Hatajibu, Yamileth akajiambia. Mungu wangu, hata hili hatajibu.

Ndipo Arbey alipogeuka. Alimpa mama mgongo, akaja hatua tatu, akapiga magoti mchangani mbele ya Yamileth, bakuli la supu likiwa katikati yao.

"Nakupenda," akasema. "Yamileth, nakupenda hadi kazini nafungua jokofu la mtu nasahau linaumwa nini. Nilitaka kukwambia Jumatano na tarehe ya harusi juu yake. Lakini ukiendelea kulia mimi siwezi. Nakupenda, mama huyu asikie, mto usikie."

Halafu sauti ya Bi Deyanira nyuma yake, pole, baridi, kama ya karani:

"Kwa hiyo mimi hukunijibu?"

"Hapana, mama, nilikuwa naongea na Yami, sikuku..."

"AGINALDO YANGU!"

Lo! Sauti ile ilikwenda ikapiga mlima ikarudi. Bi Deyanira amerusha upawa juu, kitambaa kimemdondoka, anapiga magoti yake kwa viganja. "Nimempata! Fanny, umesikia? Siku ya sita! Amekwepa swali kubwa, akanaswa na dogo! Aginaldo yangu!"

Arbey alibaki palepale, mikono kichwani. "Ametega," akasema. "Mama huyu ametega, nikaingia kama panya."

Yamileth aliwatazama mmoja mmoja. Kuongea bila kujibu. Ule mchezo mgumu kuliko yote: mnasemeshana mtakavyo, na wa kwanza kumjibu mwenzake ndiye aliyeshindwa. Salamu. Dirisha. Kuni. Viatu visivyo na kamba. Yote yakajipanga mbele yake, na haya ikamjaa, na nyuma ya haya ikaja hasira.

"Mlikuwa mnacheza," akasema polepole.

"Tulikuwa tunacheza," mama akasema, akipangusa macho.

"Mmewekeana nini?"

Mama akaokota kitambaa chake. Arbey akatazama mchanga. Fanny akaanza kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mmewekeana nini, mama?"

"Akishinda, harusi Februari," Bi Deyanira akasema. "Akishindwa, asubiri mwaka mzima, hadi novena nyingine."

"Mmeniweka mimi? Kama kuku wa bahati nasibu?"

"Sikiliza, binti yangu." Mama akaja akakaa kando yake kwenye lile jiwe bapa. "Alikuja jikoni na maneno mazuri. Mazuri sana. Nikaogopa. Fredy naye alikuwa na maneno mazuri, alikuwa na jibu hata kabla hujauliza. Nikamwambia huyu: mdomo unaojua kujibu nimeshauona, nionyeshe unaojua kunyamaza. Siku tisa, hadi Jumatano ya mkesha, nikuchokoze, nikutukane, nikuulize, na wewe ukae. Na usimwambie mtu. Nilimwita mvivu, Yami. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba mikate yake ina chumvi. Alinyamaza. Nilimwuliza kama mama yake hajambo. Aliingia chooni."

"Aliingia chooni?"

"Akafungua maji ya bomba."

Fanny alitoa sauti kama chai inayochemka. Mama naye akashindwa, akaanza kucheka tena, kicheko kilekile cha zamani, cha kupiga magoti, chenye kukohoa mwishoni. Yamileth alikuwa hajakisikia nyumbani kwao miaka minne. Alikuwa amedhani kilizikwa na baba. Alimtazama mama yake, nywele zimemtawanyika, jino moja la pembeni halipo, shavu lina masizi, na hasira yake ikawa inatafuta mahali pa kukaa, haipaoni.

Lakini bado.

"Na Tuluá?" akauliza. Alikuwa anamtazama Arbey. "Mchezo ni wenu wawili, nimeelewa. Mtu wa Tuluá anaingiaje?"

"Dada yangu," Arbey akasema. "Rubiela. Nilikuwa namwambia yeye, kwa sababu nilikuwa nataka kupasuka. Siku nzima sijibu, Yami. Nilihitaji mtu mmoja wa kujibu."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na sauti uifungulie wote tusikie."

"Yami!" mama akasema.

"Mama, wewe umemjaribu siku sita. Mimi naomba dakika moja."

Arbey alipanda juu ya jiwe kubwa kutafuta mtandao, akanyoosha mkono juu, akashuka kidogo, akapanda tena. Yamileth alisimama chini yake. Simu ikalia mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mwanamke akapokea, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuhitaji kufunguliwa.

"Umejibu, sivyo? Niambie hujajibu! Arbey? Mbona kimya? Na mimi umeanza kuninyamazia?"

"Nimejibu, Rubiela."

"Mjinga wewe! Siku tatu zilikuwa zimebaki! Mama yetu ameshakata kitambaa cha gauni! Amekuuliza nini huyo bibi?"

"Nilimwambia hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, sikukujibu."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu ya mwanamke aliyekua na kaka wa namna hiyo. "Mungu anipe subira. Haya, mambo ya mama mtu tuyaache. Mwenyewe je? Yamileth? Kakukubali, au hajakukubali?"

Arbey hakujibu. Safari hii hakuwa na jibu kweli. Aliteremsha simu polepole akamtazama Yamileth, na mama naye akamtazama, na Fanny na upawa mkononi.

Yamileth akanyoosha mkono juu. Akaichukua simu.

"Nimemkubali, wifi," akasema. "Mwambie mama asiache kushona. Ni Februari."

Sauti ya Tuluá ikapiga kigelegele hadi ndege wakaruka. Bi Deyanira akainuka kutoka kwenye jiwe, kidole juu.

"Februari ya wapi? Amekula yamini ya mwaka mzima! Tumekubaliana!"

"Mlikubaliana nyinyi wawili, jikoni," Yamileth akasema. "Mimi nilikuwa sebuleni naimba. Mwaka wako utaupata, mama, naye atakulipa: kila Jumamosi, mwaka mzima, akae na wewe akujibu kila utakachomuuliza, hata kuhusu mama yake. Lakini atakuwa anakuja kama mkwe."

Kidole cha Bi Deyanira kikashuka. Alikwenda kwenye sufuria, akamnyang'anya Fanny upawa, akatafuta chini kabisa, akavuta paja la kuku lililonona kuliko yote, lile ambalo nyumbani kwao lilikuwa la baba. Akaliweka kwenye bakuli, akaongeza hindi, akaongeza giligilani, akambebea Arbey kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mama," Arbey akasema.

"Karibu, mwanangu," akajibu.